Msomi akialikwa kwenye muungano wa kurekebisha mji, kazi yake hasa ni ipi?

Mhadhiri wa Mabondeni (Dar es Salaam) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa mipango miji katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Miezi miwili iliyopita nilifuatwa ofisini na wageni watatu: mwenyekiti wa mtaa ulio kando ya mto, mama anayeongoza kikundi cha akiba cha wanawake wa mtaa huo, na kijana wa asasi ya msaada wa kisheria. Wanaunganisha nguvu za mitaa kadhaa ya mabondeni ili kuidai halmashauri mifereji ya maji ya mvua, urasimishaji (yaani kutambuliwa kisheria) wa maeneo yanayofaa kukaliwa, na ahadi ya maandishi kwamba hakuna kaya itakayohamishwa kabla ya kuonyeshwa pa kwenda. Waliniomba nijiunge nao. Yule mama alisema neno ambalo halijanitoka: kwamba watafiti wamepita mlangoni kwake mara nyingi, kila mmoja na dodoso lake, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumwambia alichokiona.

Nataka kukubali, lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi. Sisi tuliosomea fani hii tunajua kwamba si kila nyumba ya bondeni inaweza kubaki. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa makazi katika Bonde la Msimbazi, na baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao na shule za watoto wao. Kumbukumbu ya uhamisho ule ndiyo inayowafanya wakazi waogope ramani yoyote yenye rangi nyekundu ya maeneo ya hatari. Sasa nikishaingia katika muungano, nikapima, na vipimo vikaonyesha kwamba nyumba za baadhi ya wenzangu ziko mahali ambapo maji yatarudi, nitasema nini, na nitamwambia nani kwanza? Nikinyamaza nitakuwa nimeisaliti taaluma na huenda nikachangia vifo. Nikisema hadharani, ofisi zinaweza kuichukua sentensi hiyo moja na kuwaondoa watu bila kusoma sentensi zilizobaki.

Tena wapo wakubwa zangu kazini wanaonionya kwamba mtaalamu akishajulikana kuwa ana upande, takwimu zake hazipokelewi tena. Naomba uzoefu wa waliowahi kuifanya kazi ya namna hii, wawe wasomi, wakazi au watumishi wa halmashauri.

Mkazi wa Viwandani (Nairobi) amejibu:

Mwalimu, asante kwa kuuliza kabla ya kuingia. Mimi si msomi. Nimeishi Mukuru kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilikuwa mmoja wa wakazi waliokwenda nyumba kwa nyumba kukusanya takwimu zilizotumiwa katika mpango wa mtaa wetu, kwa hiyo nitakueleza jinsi wasomi walivyotufaa na mahali walipotukwaza.

Kwa wasioijua, Mukuru ni mtaa wa mabanda ulio kando ya eneo la viwanda la Nairobi, wenye sehemu tatu: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Sehemu kubwa ya ardhi hii iligawiwa watu na kampuni binafsi katika miaka ya 1980 na 1990, na wengi wao hawakuiendeleza. Sisi tukaishi juu yake bila hati, tukilala kwa hofu ya tingatinga. Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka 1996, ulikuwa umepigania jambo hilo kwa muda mrefu pamoja na shirika la Akiba Mashinani Trust linaloongozwa na wakili Jane Weru. Hasira tulikuwa nayo na haki tulikuwa nayo, lakini kila tulipofika ofisini tuliulizwa ushahidi.

Wakaja watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wa Chuo Kikuu cha Strathmore, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na wanasheria wa Katiba Institute. Siku moja niliketi na mwanafunzi wa uzamili tukahesabu bei ya maji. Mimi nilikuwa nanunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5, na sikuwahi kuiona kuwa bei ya juu, kwa sababu shilingi 5 ni shilingi 5. Yule kijana aliandika kwenye daftari kwamba mita moja ya ujazo ni mitungi 50, kwa hiyo nalipa shilingi 250. Kisha akatoa bili ya nyumba yenye bomba ndani na kuiweka kando ya daftari, nami nikaona kwamba mwenye bomba alilipa sehemu ndogo tu ya fedha hizo kwa maji yale yale. Hesabu ya namna hiyo ilifanywa pia kwa stima (umeme) na kwa huduma nyingine, na matokeo yake yakaitwa adhabu ya umaskini. Mimi nilikuwa nimeilipa kila asubuhi bila kujua kwamba ina jina.

Hesabu hizo zilibadilisha mazungumzo na kaunti, kwa kuwa hakuna afisa aliyeweza kusema tena kwamba watu wa Mukuru wanataka vya bure. Mwezi Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linaloandaliwa mpango wake lenyewe. Tunazungumzia kaya zaidi ya 100,000 kwenye ardhi inayozidi ekari 600, na muda wa miaka miwili wa kuandaa mpango. Mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika makundi kwa sekta: afya, elimu, maji na usafi, fedha, sheria za ardhi, makazi na miundombinu, na mengine. Kila kundi lilifanya kazi na idara husika ya kaunti. Upande wetu, kila kaya kumi zilichagua mwakilishi, na wawakilishi hao ndio waliokuwa wakiyabeba mambo kwenda juu na kuyarudisha nyumbani.

Nikifika kwenye swali lako, jambo gumu zaidi kwetu lilikuwa barabara. Viwango vya kawaida vya upana wa barabara, kama vingefuatwa neno kwa neno katika mtaa uliobanana kama wetu, vingefagia mabanda mengi kiasi kwamba wakazi waliokuwa wanapangiwa barabara hizo wasingebaki kuzitumia. Mkazi akisema barabara iwe nyembamba anaonekana mkaidi. Profesa wa mipango akisema hivyo, akaonyesha kwa michoro kwamba gari la zimamoto na bomba la maji taka vinapita, afisa wa kaunti anapata pa kuegemea. Huo ndio mchango ambao sisi tusingeweza kuutoa hata tungeandamana mwaka mzima.

Lakini takwimu zilitugusa na sisi pia. Zilionyesha wazi kwamba wengi mno wetu ni wapangaji, wakati mikutanoni sauti kubwa zilikuwa za wenye mabanda. Baadhi ya viongozi wetu hawakupenda hesabu hiyo isomwe. Ilisomwa, na nashukuru kwamba ilisomwa, kwa sababu mpango unaomjali mwenye banda peke yake ungemtupa mpangaji nje siku ambayo kodi ingepanda.

Usidhani yote yalikwisha vizuri. Kuanzia mwaka 2020 barabara, maji na hospitali vilianza kujengwa, na nimeyaona kwa macho yangu mabomba yakilazwa mahali palipokuwa na matope. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara, wakati ambapo ilidhaniwa kwamba kutambuliwa kwetu kumetupa kinga. Suala la umiliki wa ardhi lilikuwa bado halijatatuliwa. Siku zile tuliwatafuta wasomi wetu. Baadhi walikuja, wakaandika na kusimama nasi. Wengine mradi wao ulikuwa umefungwa na simu haikupokelewa. Kwa hiyo kabla ya kuwaza kama utakuwa na upande, Mwalimu, jiulize kama utakuwepo.

Mstaafu wa Mipango Miji (Morogoro) amejibu:

Nimefanya kazi katika halmashauri mbalimbali kwa miaka thelathini na moja, na nilikaa upande wa meza ambao muungano wenu unataka kuufikia. Naomba niseme jambo ambalo wakubwa wako hawakukuambia: ofisini hatukuwa tukiuliza kama mtaalamu ana upande. Tuliuliza kama karatasi yake inaweza kuingia kwenye jalada. Ramani iwe na kipimo na viwakilishi vinavyoeleweka, orodha ya kaya iwe na mihuri ya serikali za mitaa, mapendekezo yataje kifungu cha sheria kinachotupa mamlaka ya kuyatekeleza, na gharama zipangwe kwa mwaka wa bajeti. Nimeziona nyaraka za wakazi zilizojaa ukweli zikilala kabatini kwa sababu hazikuwa na umbo hilo, na nimeona nyaraka dhaifu zikipita kwa sababu zilikuwa nalo. Nasema hivyo kwa uchungu, maana mimi mwenyewe nilizilaza baadhi yake.

Kwa hapa kwetu, anza kwa kusoma habari za mtaa wa Hanna Nassif, Kinondoni. Uboreshaji wa mtaa ule ulianza mapema katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa wakazi, serikali na Shirika la Kazi Duniani, na Chuo cha Ardhi, ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, kikitoa utaalamu. Mifereji na barabara zilijengwa kwa nguvu za watu wa pale pale, wakilipwa ujira, na kamati yao ikiwa mkandarasi. Wataalamu walikaa na wakazi wakaamua pamoja mfereji upite wapi, na wapo waliotoa sehemu ya kiwanja chao kwa hiari kwa sababu walikuwa wameshiriki tangu mwanzo. Upungufu nao ulikuwepo: maeneo yaliyofikiwa na barabara yalipanda thamani, na wapangaji wa kipato cha chini ndio waliobanwa, jambo ambalo ndugu yetu wa Nairobi amelieleza vizuri kuliko mimi.

Kuhusu hofu yako ya sentensi moja kunyofolewa, dawa yake iko kwenye uandishi. Usiandike kamwe kwamba nyumba kadhaa ziko hatarini ukaweka nukta. Katika aya hiyo hiyo andika maji yanafika kwa kina gani na kwa nini, mfereji gani ukizibuliwa utapunguza kiasi gani, ni kaya zipi zitabaki hatarini hata baada ya hapo, na kiwanja gani kilicho karibu kinaweza kuzipokea. Afisa akiinyofoa sentensi ya kwanza, diwani anayo aya nzima mkononi.

Msomaji wa Historia ya Miji (Mombasa) amejibu:

Shikamoo mzee wangu wa Morogoro, na salaam kwako Mhadhiri. Naongeza mfano wa Brazili, kwa sababu huko wasomi waliishi ndani ya muungano wa aina hii kwa miongo kadhaa na tunaweza kuona matunda yake pamoja na mipaka yake.

Brazili ilipotoka katika utawala wa kijeshi, vyama vya wakazi wa mitaa ya mabanda, vyama vya wasanifu majengo na wahandisi, makanisa na walimu wa vyuo vikuu viliungana kudai mageuzi ya miji. Mwaka 1987, wakati katiba mpya ikiandikwa, walipeleka bungeni pendekezo la wananchi lenye saini zaidi ya 100,000, na aliyelitetea mbele ya wabunge alikuwa Ermínia Maricato, mwalimu wa usanifu na mipango miji katika Chuo Kikuu cha São Paulo. Si yote yaliyokubaliwa, lakini Katiba ya 1988 ilipata vifungu viwili vya sera ya miji, namba 182 na 183. Hicho cha pili kinampa haki ya umiliki mtu aliyeishi kwa miaka mitano bila kupingwa kwenye ardhi ya mjini isiyozidi mita za mraba 250, ikiwa hana nyumba nyingine, ingawa hakihusu ardhi ya umma. Sheria ya Miji ya kuvitekeleza vifungu hivyo ilipitishwa mwaka 2001. Hesabu miaka hiyo: kumi na mitatu ya kusubiri, na muungano haukuvunjika.

Linalonivutia mimi ni kwamba hawakuishia kuwa washauri. Maricato aliongoza makazi katika Jiji la São Paulo kuanzia 1989 hadi 1992 chini ya meya Luiza Erundina. Wakati huo vikundi vya wakazi vilijijengea nyumba kwa fedha za jiji, vikiwa na mafundi na wasanifu vilivyowachagua vyenyewe. Baadaye akawa naibu waziri katika Wizara ya Miji iliyoundwa mwaka 2003. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria namba 11.888, inayoipa familia yenye kipato kisichozidi mishahara mitatu ya kima cha chini haki ya kupata bure msaada wa kitaalamu wa kusanifu na kujenga nyumba. Yaani utaalamu wenyewe ulifanywa kuwa haki ya raia, badala ya kutegemea huruma ya mhadhiri mmoja mwema. Kwa maoni yangu, muungano wenu ungeliweka dai hilo mezani mapema, kwa sababu wewe unaweza kuhamishwa kituo au kwenda masomoni, na mtaa utabaki pale pale ukihitaji mtu wa kusoma ramani.

Sitaki kuipamba Brazili kupita kiasi. Utekelezaji wa sheria ile umetegemea mpango mkuu wa kila mji na nguvu za wenye ardhi wa mji huo, na mitaa ya mabanda ingalipo.

Aliyewahi Kupima Tandale (Dar es Salaam) amejibu:

Nilishiriki nikiwa mwanafunzi katika Ramani Huria, kazi iliyoanza mwaka 2015 ya kuchora kata zinazofurika hapa Dar es Salaam, ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifanya pamoja na wakazi. Nataka kuongeza jambo moja dogo kuhusu nani ajue kwanza.

Kifaa chetu cha thamani kuliko vyote hakikuwa simu yenye GPS. Kilikuwa mjumbe wa shina, yaani kiongozi wa kundi dogo la nyumba jirani. Yeye ndiye aliyejua shina lake linaanzia mlango upi na kuishia choo kipi, mipaka ambayo haikuwa imechorwa mahali popote. Bibi mmoja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake na kunionyesha mstari wa kahawia ukutani, ulioachwa na maji ya mafuriko. Nikaweka futi: sentimita 94. Akasema niandike pia kwamba mstari wa jirani uko chini zaidi, kwa sababu jirani aliinua msingi na maji yakamrudia yeye bibi. Kwa sentensi hiyo alikuwa amenieleza mwenendo wa maji wa eneo lile kuliko mwinuko niliokuwa nao kwenye kompyuta. Watu wa bondeni wanajua ni nyumba zipi hazifai, Mhadhiri. Ukiwauliza wao kwanza, hutakuwa mtu wa kuwaletea habari mbaya.

Mhadhiri wa Mabondeni amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mzee wangu wa Morogoro, shikamoo. Ushauri wa aya nimeuandika kwenye daftari langu kama ulivyousema.

Nimeamua kujiunga. Jumamosi ijayo tunakutana katika ofisi ya serikali ya mtaa, nami nitawaomba tukubaliane kwa maandishi kwamba wakazi wenyewe watachagua maswali ya kupimwa, kwamba matokeo yote, yanayopendeza na yasiyopendeza, yatasomwa kwanza kwenye mkutano wa mtaa kabla ya kwenda halmashauri, na kwamba muungano hautakuwa na mamlaka ya kunifutisha kipimo. Sitaahidi kukaa miaka kumi na mitatu, lakini nitaahidi kwamba sitaondoka bila kumfundisha mtu wa kushika kazi hiyo, na nitaomba wanafunzi wangu wafanye mazoezi yao ya vitendo pale kila mwaka.

Ndugu wa Viwandani, naomba nikusumbue kwa swali moja la mwisho. Wale ambao mabanda yao yaliangukia kwenye barabara mliwaambiaje?

Mkazi wa Viwandani amejibu:

Katika kijiji chetu hatukuanza na ramani, kwa sababu kwenye ramani kila mtu huona banda la mwenzake. Tulinunua kamba, tukaikata kwa upana wa barabara iliyopendekezwa, tukatembea nayo kwenye kichochoro mchana watu wakiwa nje, mmoja ameshika ncha hii na mwingine ile. Ilipogusa ukuta tulisimama, mwenye banda na mpangaji wake wakatoka, tukapima pamoja ni sehemu gani inayoingia. Mahali pengine ilikuwa ni kibaraza tu, na mwenyewe akasema atakivunja. Mahali pawili kilikuwa chumba kizima, na hapo tulikaa chini tukaongea mpaka jioni. Mwanafunzi wa chuo alikuwepo muda wote na kalamu yake, na kamba ilipohitaji kupindwa ili kuuokoa mlango wa mtu, aliupinda na mstari kwenye mchoro wake.